Si kila tulielewalo ndilo Andiko linalosema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nichangie mjadala ambao umeendelea kwa wiki kadhaa katika ukurasa wa barua za wasomaji, kuhusu watoto wanaozaliwa na ulemavu na iwapo Maandiko Matakatifu yanatueleza sababu yake. Mmoja wa wasomaji wenzangu aliinukuu Kutoka 20:5, pale Mungu anaposema, "nawapatiliza wana maovu ya baba zao, hata kizazi cha tatu na cha nne cha wanichukiao," kisha akafunga barua yake kwa kusema kwamba hapo hapahitaji tafsiri yoyote kwa sababu Andiko liko wazi. Simwandikii ili nimshambulie. Naandika kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyatamka mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno, na niliyemwambia alikuwa mama aliyembeba mtoto wake mgongoni.

Wakati huo nilikuwa naongoza kikundi cha kusoma Biblia, na nilikuwa nimeifanya kazi hiyo kwa miaka ya kutosha kuniondolea woga. Mama yule alikuja pamoja na mumewe. Mtoto wao alikuwa amezaliwa na miguu isiyoweza kumbeba, nao waliniuliza swali moja tu, kwa nini. Nilifungua Kutoka 20, nikawasomea, nikawashauri waende wakachunguze mambo ya wazee wao. Sikusita hata kidogo. Niliamini kwamba sikuongeza langu, kwamba nililolifanya ni kusoma tu, na kwamba kama lilikuwa neno gumu basi ugumu wake ulikuwa wa Mungu wala haukuwa wangu. Hawakurudi tena katika kikundi chetu, nami nikachukulia kwamba wameikimbia kweli.

Lugha yetu ina funzo katika jambo hili. Neno tafsiri tunalitumia kwa kazi mbili, yaani kuhamisha maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine na kueleza maana ya yaliyosemwa. Na hata tunapotaka kuzitenga kazi hizo kwa kusema kutafsiri na kufasiri, shina linabaki kuwa lile lile tulilolipata kutoka Kiarabu. Ni vigumu kuifanya kazi moja bila kuigusa nyingine. Anayesema kwamba anaisoma Biblia ya Kiswahili bila tafsiri amesahau kwamba wapo watu waliotangulia kukaa mezani, wakapima maneno, wakachagua moja na kuacha jingine, na kwamba yeye anasoma matokeo ya uchaguzi wao.

Nitatoa mfano mdogo ambao yeyote anaweza kuukagua. Katika Mwanzo 6:14, Nuhu anaagizwa kujenga safina kwa mti ambao Kiebrania kinauita gofer. Neno hilo halionekani mahali pengine popote katika Biblia ya Kiebrania, na wataalamu hawajakubaliana ulikuwa mti gani. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyochapishwa mwaka 1952, imeandika mvinje. Siwalaumu watafsiri hata kidogo, kwa maana sentensi haiwezi kuachwa na tundu katikati. Lakini msomaji akikutana na mvinje anauona mti anaoufahamu, wala hakuna kitu katika ukurasa ule kinachomjulisha kwamba hapo watu wenye elimu kubwa walifika mwisho wa ujuzi wao.

Mfano wa pili ulinisumbua tangu ujanani. Mwanzo 47:31 inatuambia kwamba Yakobo, alipokuwa karibu kufa, aliinama kwenye upande wa kichwani wa kitanda chake, ilhali Waebrania 11:21 inasema aliabudu akiegemea kichwa cha fimbo yake. Kwa muda mrefu nilijiridhisha kwamba hayo ni matukio mawili tofauti. Ukweli ni kwamba Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti, na alama kamili za irabu ziliongezwa na wataalamu wa Kiyahudi waitwao Wamasora, karne nyingi baada ya Maandiko yenyewe kuandikwa. Konsonanti zile zile zikisomwa mitta maana yake ni kitanda, na zikisomwa matte maana yake ni fimbo. Waliotafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiyunani kabla ya kuzaliwa Kristo waliona fimbo, na mwandishi wa Waebrania akafuata usomaji huo. Basi ndani ya Biblia moja, katika lugha yetu wenyewe, vimehifadhiwa vyote viwili, kitanda na fimbo, na imani ya Yakobo haikupungua kwa lolote kati ya hayo.

Lakini si kila mara tofauti huwa nyepesi namna hiyo. Katika Luka 23:43 Yesu anamwambia mhalifu aliyesulubiwa pamoja naye, "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Nakala za kale za Kiyunani hazikuwa na mfumo wa koma kama wetu. Watafsiri walio wengi wameweka kituo kabla ya neno leo, na wengine wamekiweka baada yake, ili Yesu awe anasema kwamba ni leo anapomwambia jambo litakalotimia baadaye. Kwa sababu hiyo, koma ambayo Luka hakuiandika imekuwa sehemu ya mpaka kati ya madhehebu katika fundisho la hali ya wafu.

Nimeona jambo la kufanana na hilo kwa ndugu zetu Waislamu, nami nalitaja kwa heshima, nikijua kwamba wapo wasomaji wako wanaolifahamu kwa kina kuliko mimi. Aya ya 7 ya Sura ya Aal-Imran inaeleza kwamba katika Kitabu zimo aya zilizo wazi, muhkamat, na nyingine zenye maana za kufanana, mutashabihat. Kisha inasema kwamba hakuna ajuaye maana yake ya ndani isipokuwa Mwenyezi Mungu, na wale waliozama katika elimu husema, Tumeiamini. Wanazuoni wengi husimama baada ya kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, na kwa kisimamo hicho ujuzi huo unabaki kuwa wake peke yake. Wengine huunganisha bila kusimama, na hapo waliozama katika elimu wanaingia miongoni mwa wanaojua. Aya inayozungumzia mpaka wa ujuzi wa binadamu ndiyo hiyo ambayo mahali pa kuvuta pumzi panaamua mpaka wenyewe uko wapi. Tena zipo sura 29 zinazofunguliwa kwa herufi kama Alif Lam Mim, ambazo maana yake wafasiri wengi wameiacha mikononi mwa Mungu, na desturi yao ya kufunga maelezo kwa kusema Wallahu aalam, yaani Mungu ndiye ajuaye zaidi, ni desturi ninayotamani sisi Wakristo tungekuwa nayo midomoni mara nyingi zaidi.

Huenda msomaji mwenzangu akasema kwamba mifano hii ni ya wasomi, na kwamba muumini wa kawaida hahitaji kusumbuliwa nayo. Ningekubali kama mpaka wa ufahamu wetu ungekuwa katika lugha za kale tu, kwa maana lugha hujifunzwa. Mtume Paulo, hata hivyo, anauweka mpaka huo mahali pa ndani zaidi. Katika 1 Wakorintho 13:12 anaandika, "Maana wakati huu tunaona kwa kioo kwa jinsi ya fumbo, wakati ule tutaona uso kwa uso, wakati huu nafahamu kwa sehemu." Kioo kwa Kiswahili ni cha dirisha na pia ni cha kujitazamia, na kwa miaka mingi nilipousoma mstari huu nilifikiria dirisha lenye vumbi, nikidhani kwamba tatizo ni uchafu tu na kwamba mtu akisugua vya kutosha ataona nje. Neno la Kiyunani alilolitumia Paulo ni la kioo cha kujitazamia, ambacho wakati ule kilikuwa bamba la madini lililosuguliwa mpaka likang'aa, na huo mji wa Korintho ulisifika kwa kazi zake za shaba. Aliyesimama dirishani huona yaliyoko nje. Aliyesimama mbele ya kioo cha kujitazamia, hata akiwa na nia njema kiasi gani, kitu cha kwanza kumjia machoni ni sura yake mwenyewe.

Methali yetu inasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua. Paulo alikuwa mwerevu kwa kipimo chochote, na nyaraka zake zenyewe zimekuwa Maandiko; hata hivyo alijihesabu miongoni mwa wale ambao bado hawajalifumbua fumbo hilo. Waraka wa pili wa Petro, 3:16, unakiri waziwazi kwamba ndani ya nyaraka za Paulo yamo mambo ambayo ni vigumu kuyaelewa, na kwamba wapo wanaoyapotoa.

Nataka kukaa kidogo kwenye sura hiyo inayoonekana kiooni, kwa sababu madhara makubwa yamepitia hapo. Kwa karne nyingi waliotetea utumwa wa Waafrika, na kwa namna ya pekee wahubiri na waandishi wa Marekani kabla ya utumwa kukomeshwa huko mwaka 1865, walifundisha kwamba watu weusi ni wana wa Hamu na kwamba Hamu alilaaniwa na Nuhu awe mtumwa. Fungua Mwanzo 9:25 usome mwenyewe. Imeandikwa, "Na alaaniwe Kanaani." Jina la Hamu halimo katika laana ile. Mwanzo 10:6 inawataja wana wa Hamu kuwa ni Kushi, Misri, Putu na Kanaani, na aliyelaaniwa ni mmoja tu kati yao, tena si Kushi ambaye jina lake Maandiko hulihusisha na nchi za kusini mwa Misri. Watu hao hawakukosa Biblia. Wengine walikijua Kiebrania na Kiyunani, walikuwa na maktaba, walisali kabla ya kuhubiri, na mstari ulikuwa mbele ya macho yao kama ulivyo mbele ya yangu. Walilolikosa ni mtu mwenye nguvu ya kuwaambia kwamba wanachokisoma ni haja yao wenyewe. Na wale ambao wangeweza kuwaambia walikuwa shambani, wamekatazwa hata kujifunza kusoma.

Wala tusidhani kwamba ni tamaa peke yake inayotufunga macho. Mwezi Oktoba mwaka 1529, Martin Luther na Ulrich Zwingli, viongozi wa Matengenezo ya Kanisa, walikutana katika mji wa Marburg, Ujerumani, wakitafuta umoja. Wote wawili waliamini kwamba Andiko lina mamlaka juu ya mapokeo ya wanadamu, wote wawili walilisoma kwa Kiyunani, na kati ya vipengele 15 vilivyoandikwa pale walikubaliana katika 14. Kilichowashinda kilihusu maneno ya Bwana mezani, "Huu ndio mwili wangu." Luther alishikilia kwamba ndio maana yake ni ndio, na inasimuliwa kwamba aliyaandika maneno hayo mezani kwa chaki ili asiondoke kwayo; Zwingli naye alieleza kwamba hapo maana yake ni kuashiria. Waliachana wakiwa bado wamegawanyika, na mgawanyiko huo upo hata leo. Nikiwafikiria hao wawili, siwezi tena kusema kwamba asiyekubaliana na mimi hana budi kuwa hakusoma, au hakusali, au hampendi Mungu.

Narudi sasa kwenye Kutoka 20:5. Mstari huo upo, umeandikwa, na mimi sina mamlaka ya kuufuta. Lakini Ezekieli 18:20 nayo imeandikwa, "mwana hatauchukua uovu wa baba yake, wala baba hatauchukua uovu wa mwanawe." Na ile Kutoka yenyewe, katika mstari unaofuata, inaweka rehema kwa maelfu kando ya vizazi vitatu au vinne, jambo ambalo sikuwasomea wazazi wale. Katika Mathayo 4, Ibilisi anamnukulia Yesu Zaburi ya 91, na nukuu yake inatoka kwenye Zaburi kweli. Yesu hakumjibu kwamba maneno hayo hayamo. Alimjibu, "Tena imeandikwa." Neno hilo dogo, tena, ndilo nililolikosa siku ile, na ndilo ninaloliona limekosekana katika barua ya msomaji mwenzangu.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nafundisha Yohana 9, sura niliyoikariri tangu shule ya Jumapili. Nilipofika pale wanafunzi wanapouliza, "Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu?" sikuweza kuendelea. Lilikuwa ndilo jibu langu kwa mama yule, limegeuzwa kuwa swali katika midomo ya wanafunzi wasioelewa. Yesu anajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake, bali kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake." Nilikuwa nimeusoma mstari huu mara nyingi kabla ya kukutana na wazazi wale, lakini siku waliponijia haukunijia. Sikuwa na upungufu wa mistari kichwani. Nilikuwa na shauku ya kuwa na jibu, na shauku hiyo ilinichagulia mstari.

Tena lazima niwe mkweli hata kuhusu mstari huo ulionirudisha. Wapo wataalamu wanaosema kwamba nukta iwekwe mahali pengine, ili isomeke kwamba huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake, basi. Na kwamba maneno kuhusu kazi za Mungu yaungane na sentensi inayofuata, inayohusu kuzifanya kazi hizo maadamu ni mchana. Kwa usomaji wa kwanza, upofu ule unaelekea kuwa na kusudi; kwa usomaji wa pili, Yesu anakataa kutoa sababu na kwenda moja kwa moja kumhudumia. Nimeyapima yote mawili na moyo wangu unauelekea usomaji wa pili, lakini sitasimama mbele ya mzazi yeyote nikamwambia kwamba Andiko liko wazi hapo.

Najua hofu iliyopo kwa waumini wengi wanaposikia maneno kama haya, kwa kuwa niliwahi kuwa nayo. Tunaogopa kwamba tukikiri kutokuelewa mahali pamoja, tutakuwa tumeifungua milango yote, na kila mtu atasema lake. Mimi sioni kwamba Maandiko yenyewe yanaiunga mkono hofu hiyo. Kumbukumbu la Torati 29:29 inasema, "Mambo ya siri ni ya BWANA, Mungu wetu, lakini mambo yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu milele." Hapo yamekiriwa mambo ya aina mbili bila wasiwasi. Sihitaji Kiebrania ili nijue kwamba nimeagizwa kumpenda jirani yangu, kutomshuhudia uongo, na kutomdhulumu mjane. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba anayedhani ameyaelewa Maandiko kwa namna isiyojenga upendo kwa Mungu na kwa jirani, huyo bado hajayaelewa. Hicho ni kipimo kigumu, wala hakimfungulii mtu mlango wa kusema apendavyo. Kama ningejipima nacho, ningenyamaza mbele ya mama yule.

Kunyamaza nako kumo katika Maandiko. Rafiki watatu wa Ayubu walipofika na kuona msiba wake, waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Walipofungua vinywa walisema mengi ambayo peke yake ni mafundisho mazuri, kwamba Mungu ni mwenye haki, kwamba waovu huvuna walichopanda. Mwishoni Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa juu yake, kama alivyonena Ayubu, yule aliyelalamika na kuuliza, na ambaye mwishowe alikiri, "nimesema maneno nisiyoyafahamu." Sijui mahali pengine katika Biblia ambapo walioitetea haki ya Mungu kwa bidii namna ile wanatakiwa kutoa sadaka na kuombewa na mtu waliyemhukumu.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu kwako na kwa wasomaji wenzangu ni la maneno tu, ingawa si dogo. Anayeandika katika ukurasa huu kuhusu maana ya Andiko aseme, "Ninavyolielewa mimi," na aonyeshe ni kwa nini analielewa hivyo, ili mwingine aweze kumsahihisha. Maneno "Andiko linasema" tuyaache kwa yale yaliyomo kwenye mstari, yanukuliwe yote pamoja na yaliyotangulia na yanayofuata. Na pale jambo linapomhusu mtoto aliye hai na wazazi wanaoweza kuisoma barua hiyo, naomba kalamu ishikwe taratibu zaidi.

Nilimtafuta mama yule baada ya somo lile la Yohana 9. Haikuwa rahisi, kwa maana walikuwa wamehama. Nilimweleza kwamba nililowaambia lilikuwa langu, na kwamba nilikosea kuliweka kinywani mwa Mungu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanisamehe, kisha akanieleza yaliyotokea baada ya siku ile. Mumewe alikwenda kwa baba yake mzazi kuchunguza kama nilivyomshauri, akamuuliza mzee maswali ambayo mtoto hamuulizi baba yake, na walipoachana siku hiyo hawakusemezana tena. Mzee alifariki miaka miwili kabla sijabisha hodi katika nyumba yao.

Wako,
Msomaji, aliyekuwa mwalimu wa kikundi cha Biblia